Mvua ya kupandia inanyesha geti la shule limefungwa

Kwa Mhariri,

Salaam na pole na kazi. Kila baada ya muda kwenye ukurasa huu wa barua nasoma mtu mzima analalamika ati vijana wa siku hizi hawataki jembe, wanataka simu na bodaboda, na ati shule zinafundisha kilimo kwa chaki mpaka mtoto anamaliza kidato cha nne hajui kupanda kunde. Mimi nimetoka juzi juzi kwenye TP, yale mazoezi ya kufundisha ambayo sisi wanafunzi wa ualimu tunapelekwa mashuleni muhula mzima, nilikuwa nafundisha kilimo shule moja ya kutwa huku bara ya Malindi, ukishaacha lami unaingia na bodaboda kwenye mchanga mpaka unafika, na nataka niwajibu hao wazee wangu kwa heshima zote. Mengine wanayosema ni kweli. Lakini wanamlaumu mtoto na mwalimu, mimi naona wa kulaumiwa kwanza ni kalenda.

Niacheni nieleze. Huku kwetu masika yanaanza mwisho wa Machi ama Aprili, upepo ukigeuka kutoka kaskazi kuwa kusi, Mei ndo inamwaga kabisa, Juni inapungua, Julai ni manyunyu tu. Mkulima wa Ganda, wa Marafa, wa Gongoni, hakuna asiyejua kwamba mbegu inatakiwa iwe chini na ile mvua ya kwanza, ukichelewa wiki mbili tatu mahindi yako yanafika kubeba mvua ishakwenda zake. Sasa tazama shule. Muhula wa kwanza unafungwa mwanzo wa Aprili. Muhula wa pili unafunguliwa mwisho wa Aprili ama Mei. Kwa hivo zile wiki za kupanda, zile zenyewe hasa, geti limetiwa kufuli, walimu wako makwao, na kwenye shamba la shule waliomo ni mbuzi wa majirani. Afu sisi wa TP wengi tunaletwa Mei, tumebeba maandalio ya somo masafi kabisa, tunakuta kwa wazazi mahindi yashafika magotini na kwa shule ni magugu, na hapo ndo tunaanza kuwafundisha watoto kuandaa kitalu na wakati wa kupanda. Mtoto anakuangalia tu. Kwao wamepanda zamani, yeye mwenyewe likizo alikuwa anafukia mbegu na mamake, leo unamwandikia ubaoni umuhimu wa kupanda mapema.

Halafu kuna hicho kitabu chenyewe. Sikipingi, mtihani ni wa nchi nzima na mtoto wa Malindi ana haki ya kujua kahawa inapogolewa vipi na majani chai yanachumwa vipi, ijapokuwa hajawahi kuona hata mche mmoja wa kahawa. Tatizo ni kwamba mifano yote ya mahindi ni ya bara ya mbali, huko nyanda za juu. Anasoma H614, mahindi ya Kitale hayo, yanayokaa shambani miezi 6 mpaka 8, mahali ambapo mvua ni ya kutosha na kuna baridi. Ukipanda hayo Malindi utakuwa unafuga mabua. Huku tuna Pwani Hybrid, PH1 na PH4, zilitoka hapo hapo Mtwapa kwenye kituo cha utafiti cha serikali, zinakomaa miezi 3 hadi 4, na nusu ya darasa walikuwa wanazijua kwa macho kwa sababu pakiti zake ziko majumbani kwao, lakini hawakuwahi kusikia mwalimu akizitaja darasani kwa hivo walidhani hizo si za mtihani. Hapo ndo nilianza kuelewa kazi niliyopewa. Hawa watoto wana kilimo chungu nzima vichwani, hawajaambiwa tu kwamba ni hicho hicho.

Basi kwa kuwa mahindi nishachelewa nayo nikauliza wenyeji nipande nini Mei kitakachovunwa kabla shule hazijafungwa Agosti. Mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na uzio wa shule hakufikiria hata dakika moja, akasema kunde, nikamuuliza kwa nini, akanijibu kwa sababu hata mukiwa wavivu mtakula majani. Na kweli. Kunde ukizitia ardhini katikati ya Mei, mwezi wa Juni unachuma majani ya mboga, na Agosti mwanzoni una makavu ya kupura, na kama kuna zao limeumbwa kwa ajili ya muhula wa pili wa pwani ni hilo. Tena lina somo ndani yake. Siku moja niliwaambia kila kundi ling'oe mche mmoja polepole na udongo wake, wauoshe mizizi kwenye karai, wahesabu vile vinundu, afu wavipasue kwa wembe. Vinundu vilivyo hai ndani vinakuwa na rangi kama ya waridi ama nyekundu, maana yake bakteria wamo kazini wanachukua naitrojeni kutoka hewani, na vile vya kijani ama kijivu vimeshachoka ama havifanyi kazi. Wale watoto walipiga kelele mpaka mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani akatoka nje kuangalia nani kaumwa na nyoka. Mimi mwenyewe huo mzunguko wa naitrojeni nilikariri chuo kizima kwa mishale ya kwenye karatasi, na sitaki kuufundisha tena kwa mishale.

Udongo ndo uliotuchukua muda mrefu zaidi na sijutii. Shamba la shule ni mchanga mtupu. Tulichukua chupa tupu za maji, tukazikata matako tukazipindua, mdomoni kipande cha kitambaa, moja tukajaza mchanga wa shambani, nyingine mchanga huo huo tumechanganya na mboji iliyooza chini ya mwembe, ya tatu udongo mweusi aliotuletea kijana mmoja ambaye kwao wanalima ukingoni mwa mto Sabaki, afu tukamimina kila moja kopo moja la maji. Ile ya mchanga maji hayakukaa hata kidogo, yalipita. Raundi ya pili tukatia rangi ya juisi kwenye maji, tukasema hii ndo mbolea, na ile rangi nayo ikapita yote ikatokea chini kwenye bakuli, wakati kwenye ile ya mboji ilitoka kidogo kidogo na imepauka. Kimya kidogo, afu mmoja nyuma akasema, kwa hivo madamu mbolea ya babangu iko baharini. Darasa zima likacheka lakini hakuwa amekosea. Kitabuni imeandikwa mbolea ya kukuzia unaweka mahindi yakifika magotini basi, na kwa udongo mzito wa bara ni sawa, ila kwenye mchanga wetu mkulima anayeweka CAN, hiyo mbolea ya kukuzia, yote mara moja afu ikanyesha mvua ya Mei amelisha samaki, ni heri aigawe mara mbili, na kabla ya hapo aweke samadi ama mboji ili kuwe na kitu cha kuishika. Wiki ile ile wazazi kadhaa waliniuliza njiani kama ni kweli tuliyoyafundisha. Somo lilifika nyumbani kabla sijasahihisha madaftari.

Na maji ya kisima cha shule yana chumvi, si ya kutisha, lakini ukiosha uso unaisikia. Nilikuta matuta ya zamani yaliyopandwa maharagwe yakakauka yote, na maharagwe ni katika mimea isiyoweza chumvi hata kidogo. Spinachi na biti zinavumilia, mnazi ndo usiseme. Kwa hivo tulipanda spinachi, tukamwagilia jioni chini ya shina, si juu ya majani, tukaweka matandazo ya makuti makuukuu ili jua lisiivute chumvi juu. Haya yote hayahitaji pesa. Yanahitaji mtu aonje maji kabla ya kununua mbegu.

Sasa nije kwa minazi, na hapa wasomaji wa Malindi na Lamu mnisamehe nikirefusha kwa sababu ndo siku niliyoipenda kuliko zote. Kwenye topiki ya mbolea watoto wanatakiwa watengeneze lundo la mboji. Shule ilikuwa na lundo lake la zamani la samadi na taka za jikoni karibu na minazi, halijapinduliwa tangu enzi. Nikamwomba mzee mmoja, mgema, mjukuu wake yuko kidato cha pili, aje atueleze mambo ya mnazi. Akaja na panga lake na kijiti chenye waya uliopindwa ncha. Hakuingia darasani. Alisimama chini ya mnazi wa shule akawaonyesha makuti yaliyokatika pande mbili kama yamekatwa kwa mkasi, akasema haya ni meno ya chonga, yule dudu mweusi mwenye pembe, anaingia kileleni anatafuna kuti likiwa bado changa halijafunguka, likija kufunguka ndo unaona hayo mapengo, na akifikia kile kitovu cha mnazi basi mnazi umekufa. Ule waya ni wa kumtoa chonga kwenye tundu lake. Wengine wanatia mchanga kwenye makwapa ya makuti ili asipate pa kuingilia. Watoto wanaandika. Afu akauliza, taka zenu mnatupa wapi, tukampeleka kwa lundo, akalifukua kwa panga, mkono mmoja tu, na humo ndani yakatoka mabuu meupe manene yamejikunja, mengi, mengi sana. Akasema hawa ndo wenyewe. Nyinyi mnawafuga hapa afu mnashangaa minazi.

Kitabu kinasema lundo la mboji lina faida hizi na hizi, na kweli linazo, lakini kitabu kiliandikwa na mtu ambaye juu ya kichwa chake hapakuwa na mnazi. Huku lazima uongeze sentensi moja, kwamba chonga anataga kwenye samadi, kwenye taka zinazooza na kwenye magogo ya minazi iliyokufa, kwa hivo lundo lipinduliwe mara kwa mara na mabuu yaokotwe wapewe kuku, na gogo la mnazi uliokufa lisiachwe likaoza shambani, lipasuliwe ama lichomwe. Tulifanya hivo. Kuku wa mama jirani walikula mpaka wakawa hawaondoki.

Yule mzee huyo huyo ndo aliyewazuia wavulana wasichome viota vya maji moto kwenye mwembe. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, wanauma vibaya na kila mtoto anawachukia. Lakini wanamfukuza yule mdudu anayefyonza vidaka vya nazi vikaanguka kabla ya wakati, anasumbua na korosho pia, na wataalamu wa wadudu wamelitafiti jambo hilo miaka mingi upande huu wa Afrika Mashariki na wanakubaliana na mgema. Nilipowaambia darasa kwamba mzee wao na watafiti wanasema kitu kimoja, yule mjukuu alikaa vizuri kwenye kiti chake. Nikaongezea habari nyingine ambayo haimo kwenye kitabu chao, kwamba mwaka 1993 watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu, walileta nyigu mdogo kutoka Asia wakamwachilia hapa hapa pwani ya Kenya ili apambane na kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi, kwa sababu huyo kiwavi naye alitoka Asia na huku hakuwa na adui wa kumtosha. Pwani hapa, si Kitale. Walitaka wamuone huyo nyigu. Ni mdogo kuliko punje ya mtama, tulipasua mabua mengi kwa mama jirani kwa ruhusa yake tukapata viwavi na hatukupata nyigu hata mmoja, lakini walikuwa wanatafuta kitu kwenye shamba kwa hiari yao saa ya mchezo na kwangu mimi hiyo ilitosha.

Kwa skimu ya kazi, ule mpango wa topiki za kila muhula, wadudu wa mahindi sio topiki ya muhula wa pili. Lakini viwavijeshi vamizi havina skimu. Hawa waliingia Kenya 2017 na mpaka leo ukipita asubuhi kwenye mahindi ya watu mwezi wa Mei unaona vile vitobo na vumbi vumbi la kinyesi kwenye moyo wa mhindi. Ningengoja muhula wa tatu niwafundishe kuhusu mdudu ambaye amemaliza kula? Nilihamisha topiki. Mkuu wa idara alinuna kidogo, akasema ukaguzi ukija utajieleza mwenyewe, nikasema sawa. Tukaenda kwa shamba la jirani tukatafuta mayai chini ya majani, yanakaa kwa mafungu yamefunikwa kama manyoya, tukayasaga kwa vidole. Mama alifurahi, amepata vibarua wa bure, na watoto walijua kutofautisha kiwavijeshi kwa ile alama ya Y iliyopinduliwa usoni na vidoa vinne karibu na mkia.

Ukaguzi ulikuja, tena siku ambayo sikuwa darasani. Asesa mmoja kutoka chuoni, na si wa kilimo, ni mtu wa historia, alifika na tuktuk iliyokwama kwenye mchanga akatembea kipande cha mwisho na viatu mkononi, akatukuta chini ya minazi. Kwenye fomu yake kuna sehemu ya matumizi ya ubao. Aliniuliza ubao uko wapi. Nikamwonyesha karatasi ya manila niliyoitundika kwenye shina. Akakaa kwenye gogo na fomu yake magotini na kabla kipindi hakijaisha alikuwa anawauliza watoto maswali ya chonga badala ya kuandika, na alama alizonipa sitaki kuzilalamikia. Nasema hivi kwa sababu wenzangu wengi wanaogopa kutoka nje kwa ajili ya ile fomu. Fomu inatiwa alama na mtu, na mtu ukimwonyesha kitu cha kweli anaelewa.

Kuna mawili ambayo hayanihusu mimi wa TP lakini yanaua somo, nitayasema haraka. La kwanza jembe kufanywa adhabu. Mtoto akichelewa apewe kipande alime, akipiga kelele alime, afu saa nne mimi naingia namwambia kilimo ni utajiri. Hawezi kuniamini na ana haki. La pili mavuno. Majani ya kunde ya kwanza yalipochumwa yalienda jikoni kwa chakula cha walimu, na watoto waliopanda wakabaki wanaangalia. Niliongea na prinsipo, na namshukuru alisikia, tukakubaliana kila wiki kundi moja lichukue fungu nyumbani na mengine yauzwe, wao wenyewe waandike daftari la mapato na matumizi, mbegu shilingi ngapi, fungu shilingi ngapi. Uhudhuriaji wa siku ya kumwagilia ulipanda bila mtu kutishiwa, na ile topiki ya kumbukumbu za shamba ambayo kila mwaka inasinziwa tuliimaliza bila hata kufungua kitabu.

Narudi kwa kalenda manake ndo iliyonifanya niandike. Nafikiria hasa wale wa kidato cha nne wanaofanya mradi wa kilimo wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mradi unataka mmea uhudumiwe mfululizo, na katikati yake inaingia likizo ya Aprili. Mwenye nyumba karibu na shule anaruka uzio anaenda kumwagilia, anayetoka mbali anarudi Mei anakuta mbuzi ashafanya mradi wake. Huo si uvivu wa mtoto. Na sasa kwa sekondari msingi, gredi ya saba hadi ya tisa, kilimo ni somo la kila mtoto, si la wale waliochagua tu, kwa hivo mashamba ya shule yatakuwa mengi zaidi na mbuzi watakuwa wale wale.

Wataniambia huwezi kugeuza kalenda ya nchi kwa sababu ya mvua ya Malindi. Sawa, sijasema igeuzwe. Ila vyuo vinavyotuma walimu wa kilimo pwani vinaweza kutuma wengine Januari badala ya wote Mei. Januari ni kaskazi, jua kali, shamba kavu, na mtu anaweza kudhani hakuna cha kufundisha, kumbe hapo ndo kuna kuchambua udongo, kutengeneza mboji, kuziba uzio, kuotesha miche kivulini, kubebesha miembe, na mvua ikiwahi mwisho wa Machi mbegu iko tayari. Na yule wa Januari akiondoka amwachie wa Mei daftari. Hilo daftari ndo kitu nilichokitafuta siku ya kwanza sikukipata. Shule imepokea walimu wa TP miaka na miaka, kila mmoja amelima kipande chake, ameondoka, na hakuna karatasi hata moja inayosema hapa tulipanda nini, maji yana chumvi, maharagwe yalikufa, mbuzi wanaingilia pembe ile. Kila anayekuja anaanza sifuri. Mimi nimeacha daftari kwa mkuu wa idara, limeandikwa mpaka jina la mdudu na ni tuta gani, nimemwomba asilifungie kabatini.

Kwa hizo wiki za likizo, shule ikubaliane na mzazi mmoja ama wawili wa jirani, wapande na kupalilia kwa mvua ya kwanza, mavuno wagawane na shule. Yule mama wa kunde aliniambia yuko tayari, hajawahi kuulizwa tu. Bodi wengine watasema shamba la shule litageuka la mtu, basi waandike makubaliano, hiyo si kazi ngumu kuliko kununua mbegu kila mwaka na kulisha mbuzi. Na pale ambapo hakuna mtu kabisa, wapande muhogo. Muhogo haujali geti. Ila wasikate vijiti popote tu, Kibandameno tunayoipenda kwa utamu inashambuliwa sana na batobato, ukiona majani yamejikunja yana madoa ya manjano usichukue kijiti hapo, kuna mbegu kama Tajirika na Karembo zilizotolewa Mtwapa zinazovumilia zaidi, waulize kwa afisa wa kilimo wa wadi. Wanafunzi watauchimba kabla haujakomaa, hilo nalijua, sina dawa yake.

Mwisho nina swali kwa walimu wa kilimo wa Lamu wanaosoma gazeti hili. Mulioko Mpeketoni, Hindi na Witu mvua yenu na likizo yenu ni kama zetu, na najua kule kuna pamba na simsim ambazo sisi hatuna kwa wingi huo. Na mulioko kisiwani Amu, ambako maji matamu yenyewe yanategemea visima vya kwenye machuguu ya mchanga ya Shela, nyinyi mradi wa shule mnaumwagilia na nini, na Aprili mnamwachia nani? Kama kuna shule imepata njia, andikeni hapa hapa kwa Mhariri tuisome, manake Januari kuna wenzangu wanaletwa na hawajui hata waanze na jembe ama na uzio.

Ni mimi,
Mwalimu mtarajiwa wa kilimo,
Malindi